Mradi na Ilimradi: Orodha ya Siku Katika Mji Unaojengwa Kidogo Kidogo

Neno mradi liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako murad ni kile mtu anachokitaka, na kwa muda mrefu wasemaji wa Kiswahili walilitumia kwa maana hiyo hiyo ya kusudi au nia, kabla maofisa wa mipango na wafadhili hawajalichukua likawa jina la shughuli yenye bajeti, muda maalumu na bango kando ya barabara. Maana ya kale haijafa. Imebaki katika kiunganishi mradi, kama mtu anaposema kwamba jua na liwake mradi kisima kisikauke, na imebaki pia katika neno ilimradi, ambalo limepatwa na mkasa wake: lilizaliwa na kusudi, lakini leo hutajwa mara nyingi kueleza kazi iliyokosa kusudi, kwa kuwa anayefanya jambo ilimradi tu hulifanya ili lionekane limefanywa. Kati ya maneno hayo mawili ndipo lilipo swali ambalo waandishi wa siku hizi wa vitabu vya kupanga kazi za mtu binafsi wamekuwa wakilizunguka, nalo ni namna ya kuzifunga shughuli ndogo za kila siku na makusudi makubwa ambayo shughuli hizo zinadaiwa kuyatumikia.

Kitabu kilichovuma zaidi katika uwanja huo ni Getting Things Done cha Mmarekani David Allen, kilichochapishwa mwaka 2001, ambamo mradi ni tokeo lolote linalotakiwa ambalo haliwezi kupatikana kwa kitendo kimoja, na kwa kipimo hicho kumpeleka mtoto kidato cha kwanza ni mradi sawasawa na kujenga nyumba. Bila shaka mwandishi huyo hakuwa akifikiria Kiarabu, lakini tokeo linalotakiwa ndilo murad lenyewe. Chini ya mradi Allen aliweka hatua inayofuata, yaani kitendo cha mwili kinachoweza kuonekana kikifanywa, kama vile kupiga simu, kuandika barua au kwenda mahali fulani, na akashauri kwamba hatua zikae katika orodha yake na miradi katika orodha nyingine. Hakusisitiza kwamba kila hatua iandikwe pamoja na jina la mradi wake. Aliona orodha hizo mbili zinatosha mradi mwenyewe azipitie zote kila wiki. Wengi waliomfuata wameona kwamba hapo pameachwa ufa, na ushahidi wa mji wa Kitengela, nchini Kenya, unaonyesha kwamba hawakukosea.

Kitengela, mji ulio kwenye barabara ya Nairobi kwenda Namanga, kilomita 30 hivi kusini ya jiji kuu, unafaa kwa mjadala huu kwa sababu ni mji uliojengwa na orodha za watu binafsi. Kabla ya kuwa mji ulikuwa malisho. Ranchi ya pamoja ya Kitengela, iliyokuwa mojawapo ya ranchi za Wamaasai zilizoandikishwa chini ya sheria ya mwaka 1968 ya wawakilishi wa vikundi vya ardhi, na yenye ukubwa wa zaidi ya hekta 18,000, iligawanywa mwaka 1988 kwa wanachama 214, kila mmoja akapata kipande chake na uhuru wa kukiuza. Viwanda vya saruji vya Athi River na eneo la viwanda vya kuuza nje, lililotokana na sheria ya mwaka 1990, vikaleta wafanyakazi waliohitaji pa kulala. Vipande vikakatwakatwa hadi ploti za futi 50 kwa 100, na wakazi wa mji, waliokuwa 58,000 hivi katika sensa ya mwaka 2009, wakapita 154,000 katika ile ya mwaka 2019.

Sehemu kubwa ya mji huo haikujengwa kwa mikopo ya nyumba. Taarifa za Benki Kuu ya Kenya zimekuwa zikionyesha mwaka hata mwaka kwamba mikopo hiyo katika nchi nzima ni makumi machache ya maelfu tu, na kwa hiyo mwenye mshahara wa kawaida hununua ploti kwanza, akachimba msingi mwaka unaofuata, akapandisha kuta pesa zinapopatikana, akaezeka bonasi ikija. Ndiyo maana anayepita Kitengela kwa matatu huona juu ya nyumba nyingi vyuma vya nondo vikichomoza kutoka kwenye nguzo kuelekea mbinguni. Mgeni hudhani kwamba nyumba hizo hazijaisha kwa uzembe, ilhali nondo hizo zimeachwa makusudi: ndizo zitakazofungwa na nondo za ghorofa itakayokuja, kwa hiyo kila moja ni hatua inayofuata iliyoandikwa kwa chuma. Mwenye nyumba wa namna hii ameulinda uhusiano kati ya kazi iliyofanyika na kazi iliyobaki kwa njia ambayo daftari nyingi haziwezi.

Daftari, kwa kweli, ndipo mambo huharibika. Mtu anayefanya kazi Nairobi na kujenga Kitengela husimamia mjengo wake kwa simu siku za kazi na kwa macho siku ya Jumamosi, na orodha yake ya wiki mara nyingi huwa na maneno kama haya: fundi, mawe, kutuma 6,000, kwenda Kajiado. Siku anapoyaandika anayaelewa yote, kwa kuwa mradi mzima uko kichwani mwake. Baada ya wiki 3 za kazi za ofisi, msiba mmoja na homa ya mtoto, maneno hayo hubaki kama majina ya watu waliohama. Fundi apigiwe simu aambiwe nini? Zile 6,000 zilikuwa malipo ya vibarua au ya lori la maji? Na Kajiado alikuwa aende ofisi gani? Kilichokosekana hapo ni jina la mradi na kitenzi. Mtu huyo huyo angeandika kwamba, kwa ajili ya nyumba ya Kitengela, fundi aulizwe mawe ya kuchonga yaliyobaki yatafika usawa wa linta, ambayo ni boriti ya zege inayopita juu ya milango na madirisha, ili mengine yaagizwe kabla ya Ijumaa, angeweza kuisoma sentensi hiyo baada ya mwezi na bado akajua la kufanya.

Safari ya Kajiado inastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi, kwa sababu inaonyesha kwamba kazi iliyokatika na mradi wake inaweza kuuangusha mradi wote. Mji wa Kajiado ndio makao makuu ya kaunti, na ni safari ya saa nzima au zaidi kutoka Kitengela, safari ambayo mtu aliyechoka huiahirisha kwa urahisi ikiwa imeandikwa tu kama kwenda Kajiado. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967, hata hivyo, inataka mauzo ya ardhi ya kilimo yapate idhini ya bodi ya eneo husika, na inataka ombi la idhini hiyo lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano yafanywe, na idhini isipopatikana makubaliano hubatilika. Mahakama inaweza kuongeza muda huo, na mnunuzi anaweza kudai fedha zake kama deni, lakini kudai fedha mahakamani na kumiliki ploti ni mambo mawili tofauti. Mtu aliyenunua kipande kilichokatwa kutoka shamba la mfugaji huwa basi na kazi ndogo, ya kujaza fomu na kuhakikisha muuzaji anafika mbele ya bodi, ambayo imebeba mgongoni nyumba nzima ambayo bado haijajengwa, na katika orodha ya siku kazi hiyo hukaa kando ya kununua maziwa bila alama yoyote ya kuitofautisha.

Kinyume chake pia hutokea, kazi ikafanywa kwa bidii kabla ya zamu yake. Bei ya simiti inapopungua wapo wanaonunua mifuko 40 ilhali msingi haujachimbwa, wakaihifadhi katika kibanda cha mabati, na baada ya miezi mitatu minne unyevu umeshaiingia na nguvu yake imepungua. Katika orodha ya siku alama ya kufanikiwa ilikuwa imewekwa mbele ya neno simiti. Udongo wa nyanda hizi za Athi na Kitengela ni ule mweusi wa mfinyanzi ambao mafundi huuita udongo wa pamba, unaofura ukipata maji na kupasuka ukikauka, na hauwezi kubeba nyumba bila kuondolewa mpaka kwenye mwamba au tabaka gumu. Kwa hiyo kina cha msingi, ambacho hakijulikani mpaka watu washike sururu, ndicho kinachoamua fedha zitakazobaki kwa simiti. Aliyenunua mapema hakukosa juhudi. Alikosa kujua kazi yake inategemea kazi gani.

Mfano ulio wazi kuliko yote, hata hivyo, ni ule wa kumwagilia zege. Zege halikauki kama nguo kambani; hukomaa kwa sababu simiti na maji huungana na kuwa kitu kipya, na maji yakitoweka mapema muungano huo hukatika, uso ukapasuka na nguvu ikabaki pungufu. Wahandisi hupima nguvu ya zege kwa kawaida likiwa na umri wa siku 28, nao hutaka libaki na unyevu kwa muda usiopungua siku 7 za mwanzo. Kwa lugha ya orodha, maana yake ni kwamba kibarua mmoja atapanda juu ya slabu, yaani sakafu ya zege, asubuhi na jioni na kumwaga maji juu ya kitu ambacho machoni pake kimekwisha kuwa kigumu, na afanye hivyo katika mji ambao maji huja kwa lori na kila pipa lina bei. Hakuna kazi inayoonekana ya kipumbavu zaidi. Akiambiwa tu amwage maji, ataruka siku ya tatu ilimradi juu pawe na alama ya unyevu msimamizi akipita. Akielezwa kwamba maji hayo ndiyo yanayoifanya slabu ibebe ghorofa ya pili, anaweza kuruka bado, lakini sasa anajua anachokiruka. Tofauti kati ya vibarua hao wawili ni sentensi moja, na msimamizi huweza kuisema kwa muda usiozidi dakika moja.

Wazo la kuipa shughuli ya kawaida jina la kusudi lake halikuanza na vitabu kutoka Marekani. Katika miaka ya 1960 wanawake wa mikoa ya kati ya Kenya waliunda vikundi vya kuchangishana fedha kwa zamu, na kazi yao kubwa ilikuwa kuondoa nyasi juu ya nyumba za wanachama na kuezeka mabati, hata vikundi hivyo vikaitwa vikundi vya mabati. Jina hilo lilifanya kazi ambayo daftari la mweka hazina lisingeweza. Senti chache za kila juma, ambazo peke yake zilikuwa ndogo mno kuwa na maana, zilitajwa kwa jina la paa, na aliyechelewesha mchango alijua ni nyumba ya nani itakayovuja. Vyama vya leo vya Kitengela vinavyonunua ploti kwa pamoja ni wajukuu wa vikundi hivyo, ingawa vingi vimejipa majina ya fahari yasiyosema vinakusudia nini, na pengine hapo kuna kitu kilichopotea.

Wanauchumi wamelipima jambo hilo. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, waliwapa wanachama wa vikundi vya kuweka akiba huko magharibi mwa Kenya njia mbalimbali za kutenga fedha kwa ajili ya afya, mojawapo ikiwa kisanduku cha chuma chenye kufuli na ufunguo wake, ambacho mwenyewe angeweza kukifungua wakati wowote. Baada ya mwaka mmoja waliopewa kisanduku hicho walikuwa wametumia katika bidhaa za kinga ya afya takriban theluthi mbili zaidi ya wasiopewa, wakati kisanduku ambacho ufunguo wake ulikaa kwa mtu mwingine hakikuleta nafuu kama hiyo, kwa kuwa watu waliogopa kufungia fedha ambazo dharura ingeweza kuzihitaji. Kwa anayepanga kazi zake, matokeo hayo yana faida ya moja kwa moja: kilichosaidia ni mahali palipotengwa na kusudi lililotajwa, wala hapakuhitajika kufuli ya kumzuia mtu na mali yake. Mfumo wa kazi unaomkataza mwenyewe kubadili mawazo utaachwa kama kilivyokwepwa kisanduku cha pili.

Wafugaji wa Kajiado nao wana somo la kutoa, la zamani kuliko ploti. Karibu na boma la Kimaasai hutengwa mahali pa majani panapoitwa olopololi, ambapo ng'ombe wazima hawaruhusiwi kuingia wakati malisho mengine yapo, kwa kuwa majani hayo yamewekwa kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu wakati wa kiangazi. Mtoto anayechunga mifugo asubuhi hapewi ratiba ya mwaka. Hupewa mpaka, na mpaka huo ndio mradi wa msimu uliofupishwa ukawa agizo la siku. Hapa kuna namna ya kuunganisha kazi na kusudi ambayo vitabu vya mipango havijaizungumzia sana, kwa sababu vitabu hivyo huhesabu yanayofanywa, na olopololi husimama juu ya jambo ambalo halifanywi kila siku mpaka siku yake ifike. Ukame uliokausha Kajiado hadi mwaka 2022 uliua mifugo mingi hata katika maboma yaliyotunza majani yao, kwa hiyo hakuna sababu ya kuupamba utaratibu huo kuliko unavyostahili. Lakini aliyeingiza ng'ombe katika olopololi miezi ya mvua hakuhitaji ukame mkubwa ili aumie.

Uwanda huo huo ulizaa mpango mwingine unaofaa kukumbukwa. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, haina ua upande wake wa kusini, na nyumbu na punda milia wake wamekuwa wakitoka kwenda Kitengela nyakati za mvua, hadi nyua za ploti zilipoanza kuwaziba. Mwaka 2000 jumuiya ya marafiki wa mbuga hiyo ilianza kuwalipa wenye ardhi dola 4 za Marekani kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge ua, wasilime wala wasiiuze kwa vipande, na malipo yakagawanywa mara tatu, kila mara shule zinapofunguliwa. Tarehe hizo ndizo zinazostahili sifa. Fedha zile zile zingelipwa mara moja mwezi Desemba zingekuwa bakshishi. Zikilipwa wiki ambayo karo inadaiwa, kitendo cha kila siku cha kutoweka ua kiliunganishwa na mtoto anayevaa sare, na familia haikuhitaji kuelezwa faida ya ikolojia ili iuone uhusiano huo. Kwamba malipo hayo hayakuweza kushindana na bei ya ardhi iliyokuwa ikipanda ni jambo jingine, nalo linaonekana leo kwa wingi wa nyua.

Serikali nayo imejitungia sheria ya namna hii. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, katika kifungu cha 104, inakataza fedha za umma kutengwa nje ya mpango, na ndiyo sababu kila kaunti, Kajiado ikiwamo, huwa na mpango unganishi wa maendeleo wa miaka 5, ambao hugawanywa katika mpango wa kila mwaka, kisha bajeti. Kwa nadharia mwananchi angeweza kulifuata koleo la kibarua anayezibua mtaro wa Kitengela hadi kwenye ukurasa wa mpango huo. Anayejaribu kuusoma hugundua mara moja kwamba kila kitu kimefungwa na kila kitu, shabaha kwa mpango na mpango kwa shabaha kubwa zaidi, na bado hawezi kujua ni nani atakayefika na koleo Jumatatu. Kiungo kipo, ila kimefungwa upande wa juu tu.

Hilo ndilo kosa ambalo watu binafsi pia hulifanya wanapopata programu mpya ya simu. Hujenga mti wa malengo, miradi, miradi midogo na majukumu, wakaupaka rangi, na jioni moja nzuri ikaisha bila fundi kupigiwa simu. Kiungo kinachofaa huwa na ncha mbili tu: kazi iliyo katika orodha ya siku itaje mradi wake, na mradi ulio katika orodha ya miradi uwe na kazi moja inayoweza kufanywa sasa. Mradi usio na kazi ya namna hiyo umesimama, hata kama mwenyewe anaufikiria kila usiku. Wanasaikolojia E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha mwaka 2011 kwamba lengo lisilotimizwa huendelea kumsumbua mtu na kuvuruga kazi nyingine anazozifanya, lakini usumbufu huo hupungua pale anapoandika mpango mahususi wa kulitimiza, hata kabla hajaanza kuutekeleza. Mwenye ploti anayelala macho juu ya paa lake pengine hahitaji pesa usiku huo. Anahitaji kujua ni siku gani atauliza bei ya mabati, na kwa nani.

Yako pia mambo yasiyopaswa kufungwa na mradi wowote. Kumjulia hali jirani mgonjwa, kuhudhuria matanga, kumsindikiza mgeni hadi kituo cha matatu, ni shughuli ambazo mtu akizitafutia mradi atakuwa ameziharibu, kwa kuwa mgonjwa aliyetembelewa kwa ajili ya kukuza mtandao wa mtu hulitambua jambo hilo kabla chai haijamiminwa. Orodha ya siku yenye akili huziacha zikae peke yake bila aibu. Vivyo hivyo maziwa na mkate. Maisha yana ada zake, na ada haidaiwi maelezo.

Kwa wajenzi wengi wa Kitengela mapitio ya wiki, ambayo Allen aliyafanya nguzo ya mfumo wake, hutokea yenyewe Jumamosi mchana, mwenye nyumba anapozunguka mjengo na fundi, wakahesabu mawe, wakabishana juu ya mchanga, na kabla ya kuachana wakakubaliana juu ya jambo moja la Jumatatu. Anayeukosa mzunguko huo kwa miezi kadhaa huacha nyumba ikiwa imefika pale ilipofika. Fundi anayejua kwamba ghorofa ya pili itachelewa huzipaka nondo rojo ya simiti ili hewa na mvua visizile. Asiyejua huziacha wazi, na yule atakayeitwa kuendeleza kazi baada ya miaka 4 au 5 atatumia siku zake za kwanza kukwangua kutu kwa brashi ya waya, kazi ambayo haikuwahi kuandikwa katika orodha ya mtu yeyote.